Barua Moja, Ijumaa Nane

Mchungaji, asante kwa nafasi. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliojibana kule nyuma kana kwamba huku mbele kuna moto, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini. Mchungaji alipokuwa ananiambia hivyo alikuwa anacheka, maana ananijua. Mimi na dakika hatujawahi kupatana, na ndicho kisa chenyewe nilichoitiwa hapa.

Kwanza niombe radhi. Watu wakisimama hapa kushuhudia, hufika mahali wakalia, na mama zetu wakawapokea kwa wimbo. Mimi sijui kama nitafika hapo. Haya mambo yalinikuta nikiwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Upo, unauona ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu. Kwa hiyo nitasimulia hivyohivyo, kavu. Na majina sitataja. Wahusika wengine wamo humu ndani, na mmoja amekaa safu ya pili, kofia yake ameiweka magotini.

Mimi ni mtoto wa Muyama. Kwetu tunalima kahawa, maharage na migomba, na kabla sijakaa darasani nimekaa kwenye kahawa. Kahawa ikishakauka inachambuliwa kwa mkono. Mama alikuwa anatukalisha, mimi na dada zangu, kila mtu na ungo wake, tunatoa punje mbovu. Sheria yake ilikuwa moja: usiruke punje. Ukikutana na punje usiyoielewa, nusu nzuri nusu mbaya, unaishika, unaigeuza, unaitazama mpaka uijue. Mwaka mmoja chama cha msingi kilitukatalia gunia zima, kwa sababu mkaguzi aliingiza mkono akatoka na punje mbovu tatu. Baba alilirudisha gunia lile kwa baiskeli, kilima chote kile. Mama akalifungua. Alilimwaga tukaanza upya. "Buhoro," akatuambia. Polepole. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa buhoro.

Na shuleni buhoro ilinifaa sana. Mitihani yetu ilikuwa ya saa tatu, maswali matano au sita, unaeleza, unachora jedwali, unapiga mstari kwa rula. Kila mara nilikuwa wa mwisho kutoka chumbani, msimamizi ananingoja huku anachezea funguo, lakini karatasi yangu ilikuwa safi. Kidato cha nne nikapata daraja la kwanza. Kidato cha sita, mchepuo wa biashara, tena daraja la kwanza. Mwalimu wetu alisema mbele ya darasa kwamba mimi nikikosa chuo, basi hicho chuo kifungwe. Maneno ya walimu mnayajua. Mimi niliyaamini, na baba naye aliyaamini kuliko mimi.

Nilichokuwa nataka ni chuo cha biashara. Wengi walinishauri ualimu, kwa kuwa chuo cha ualimu kipo hapahapa Kasulu, unaenda na kurudi umeshiba. Nikakataa. Nilikuwa nimekaa miaka yote ile nachambua kahawa, halafu anakuja mtu na kalamu, anaitazama mara moja, anasema hii ndiyo, hii siyo, na baba anaitikia ndiyo mzee. Nilitaka kujua anachokijua yule mtu. Hicho tu. Sikuwa na ndoto nyingine.

Sasa mwaka ule chuo kilibadilisha utaratibu. Matokeo ya shule peke yake hayakutosha tena, kila mwombaji afanye mtihani wa mchujo. Tangazo lilitoka gazetini, na gazeti lilipotufikia huku lilikuwa limeshafungiwa sukari. Si utani. Niliona neno "biashara" kwenye kifurushi, dukani kwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya pwani aliyehamia hapa mjini siku nyingi. Alifungua kifurushi, akamimina sukari kwenye kikombe chake mwenyewe cha chai, akaninyooshea karatasi kwa kiganja mpaka ikasomeka. Akasema, "Chukua binti, Mungu akufungulie." Namshukuru hata leo.

Hapa wazazi mnisikilize, maana hapa ndipo tulipokosea, na kosa hili ni letu sisi watu wa huku. Mnajua mtoto akienda shule ya bweni ananunuliwa sanduku la bati, tranka. Na tranka lazima lipakwe rangi, jina lake na jina la shule, herufi nyeupe kubwa, ili hata kuli wa treni ajue anabeba mzigo wa nani. Baba hakungoja mtihani. Alikwenda kwa fundi wa matranka hapa sokoni akaagiza liandikwe jina langu, na chini yake jina la chuo. Fundi akamuuliza, "Amepata?" Baba akamjibu, "Ana daraja la kwanza." Kwake yeye hilo lilikuwa jibu.

Tranka likafika nyumbani limefungwa nyuma ya baiskeli, limepita vijiji vyote likisomwa. Na likishasomwa, limesomwa. Jumapili iliyofuata kanisa letu la Muyama likaniaga. Mama mmoja akaleta mkeka, mwingine blanketi, wakaniwekea mikono, wakaomba nisisahau kwetu. Mimi nimepiga magoti pale, nasikia mikono kichwani, na moyoni najua mtihani bado wiki tatu. Nilipaswa kusema. Nikasema amina.

Mtihani ulifanyikia Kigoma, kwenye ukumbi mmoja, tupo wengi. Maswali mia moja, saa moja na nusu. Huandiki maelezo, unachagua A, B, C au D. Nikaanza vizuri, moja, mbili, tatu, kila swali naligeuza, nalitazama mpaka nalijua. Nikafika la kumi na saba. Treni moja inatoka kituo hiki saa fulani, nyingine inatoka kule, zitakutana wapi. Mimi treni ninayoijua ni hii yetu ya Kigoma, na hii haijawahi kutoka saa iliyosemwa, lakini siyo iliyonikwamisha. Kilichonikwamisha ni kwamba nilipata jibu, na jibu langu halikuwemo katika yale manne.

Nikarudia. Likaja lilelile. Nikarudia kwa njia nyingine. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akageuza ukurasa. Nikasikia akigeuza tena. Mimi bado nimeshika punje yangu. Kuruka sikuwahi kufikiria, ndugu zangu, nawaambia ukweli, halikuwa jambo nililolikataa, lilikuwa jambo ambalo halikuwemo kichwani. Nyumbani kwetu tuna "haraka haraka haina baraka" na tuna "polepole ndio mwendo." Ile ya "chelewa chelewa utakuta mwana si wako" haikuwahi kupiga hodi kwetu. Msimamizi alipoita muda nilikuwa nimefika swali la arobaini na moja.

Barua ya chuo ilikuja kwa sanduku la posta la kanisa hapa Kasulu. Ilikuwa Jumanne, nimekuja mjini kununua chumvi na sabuni, nikapita ofisini, karani akanipa mkononi. Nikaisoma nimesimama kwenye hizo ngazi mlizopita ninyi kuingia humu. Aya ya kwanza ilinipongeza kwa matokeo ya shule. Aya ya pili ilisema alama zangu za mchujo haziniruhusu kuchukuliwa. Nikaikunja, nikaiweka katikati ya kitabu changu cha nyimbo, nikaenda kununua chumvi. Mnaweza kuniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia. Nakumbuka niliikagua chumvi kama ina unyevu.

Nyumbani baba akaniuliza, "Kuna nini mjini?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu, baba."

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Basi la Kigoma lilikuwa linaleta barua Alhamisi, kwa hiyo baba akajipangia Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi anatoa baiskeli, anaifunga suruali kwa kamba ya mgomba isiingie kwenye mnyororo, anashuka na kupanda vile vilima mpaka Kasulu, kwenda kuulizia barua. Anarudi jioni. Anaegemeza baiskeli ukutani, anaomba maji, anasema, "Bado." Na mimi namjibu, "Pole, baba." Kisha naichukua baiskeli naiosha matope. Barua iko chumbani, hatua sita kutoka pale alipokaa.

Ijumaa ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Ya pili hivyohivyo. Baadaye niliacha hata kujiambia. Wale wanaosema mwongo hula moyo wake, mimi sikula kitu. Nilikuwa nalala vizuri, naamka, nachota maji, napalilia. Ukinipita njiani ukaniambia mwakeye naitikia mwakeye. Ndani hapakuwa na mtu wa kuitikia. Na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka, kuliko uongo wenyewe.

Ijumaa ya nane alirudi mapema. Akaegemeza baiskeli, akanywa maji, akakaa. Hakusema "bado." Alisema, "Ijumaa ijayo nitapalilia migomba." Kisha akaingia ndani, akaligeuza tranka, maandishi yakaelekea ukutani. Siku chache baadaye mama akaweka mbegu za maharage humo. Hakuna aliyeniuliza neno. Nikajua wamejua, nao wakajua najua, na tukaendelea kula pamoja.

Mwaka uliofuata nikafanya tena mtihani. Nyumbani niliaga kwamba naenda Kigoma kumsalimia shangazi. Nilikuwa nimesoma kila kitabu nilichoweza kuazima, maana nilidhani tatizo langu ni kutojua. Muda ulipoitwa nilikuwa swali la arobaini na sita. Maendeleo hayo, au siyo? Barua ya pili ilipokuja niliiweka mezani wazi, mama akaitazama akaifunika na sahani isipeperuke. Basi.

Baada ya hapo sina mengi ya kuwaambia, maana hapakuwa na mengi. Nililima. Nilikuwa kwenye kwaya, na kwa mwaka mzima nilifungua mdomo bila kutoa sauti, na hakuna aliyegundua. Sauti ya pili, mnajijua. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wakirudi likizo wananisalimia kwa huruma, na mimi naona midomo yao inacheza. Mama alikuwa ananitazama. Siku moja akamtumia salamu mdogo wake aliyekuwa Kibondo, akamwambia, nichukulie huyu mtoto, hapa anakauka.

Mama mdogo alikuwa anapika kwenye zahanati ya kambi moja ya wakimbizi. Mnakumbuka miaka hiyo ilivyokuwa, Burundi wanaingia, Kongo wanaingia, barabara imejaa malori. Akanitafutia kazi ya ukarani, siku za kugawa chakula. Sikuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa, nikaenda. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye meza, mtu anakuja na kadi yake, unaangalia kama kadi na daftari vinakubaliana, unaweka alama, anapita kuchukua unga, maharage na mafuta.

Siku ya kwanza, watu ishirini hivi wa mwanzo walipita. Kisha akaja mzee mmoja, kadi inasema watu sita, daftari linasema wanne. Nikasimamisha kila kitu. Nikafungua daftari la nyuma, nikafungua la nyuma yake, nikamuuliza mzee majina ya wanawe, nikayaandika, nikayalinganisha. Jua linapanda. Foleni imefika huko kwenye mahema, kina mama na watoto mgongoni, magunia matupu kichwani kujikinga jua. Nilikuwa siwaoni. Nilikuwa nimeshika punje.

Foleni ile ilikuwa na kiongozi wake, mama mmoja wa Kikongo, mrefu, amejifunga vitenge viwili. Tulikuwa tunamwita Maman. Akaja mbele ya meza akasimama.

"Weye binti," akaniambia, "batu bote hawa banangoja mutu moya?"

Nikamwambia, "Maman, kadi yake ina shida."

"Shida iko ya kadi. Haiko ya foleni." Akanionyesha benchi lililokuwa chini ya turubai. "Umuweke pale. Hatumufukuze. Tutamurudilia, dakor? Sawa?"

Nikamwambia, "Nikimruka nitamsahau."

Akachukua penseli yangu bila kuniomba. Pembeni ya jina la yule mzee akachora mstari mfupi na miguu miwili. Benchi. "Huyu iko ku benchi," akasema. "Sasa ita mwingine."

Nikaita mwingine. Nisiwafiche, ilikuwa kama ninaiba. Kila kadi yenye shida, nachora kabenchi, namwomba mtu akakae kule. Kabla ya saa nane foleni nzima ilikuwa imekwisha. Kwenye benchi walibaki kumi na mmoja. Nikakaa nao mmoja mmoja, na nusu yao shida ilikwisha mara moja, kwa sababu sasa hakuna aliyenihemea shingoni. Yule mzee wa kwanza kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma mstari wa jirani yake. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema kivuli cha pale benchini kilikuwa kizuri.

Wakati tunakunja turubai nikamuuliza Maman kazi hii alijifunzia wapi. Akasema kwao alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Nikamuuliza kama watu wake wote walifika. Sijui kwa nini niliuliza, sikuwa mtu wa kuuliza. Akaendelea kukunja.

"Mutoto wangu wa kwanza sijue iko wapi," akasema. "Nimemuweka ku benchi. Kila siku ninamurudilia, naulizaka kila lori. Lakini hawa wengine batatu banapaswa kula."

Akanipa ncha ya turubai nishike. Tukamaliza, akaenda zake.

Jioni ile nilikuwa nachambua maharage ya mama mdogo, mkono ukasimama kwenye ungo. Nikafikiria mtihani, ndiyo, treni zile mbili nikaziona zimekaa benchini zinangoja, na nikaona namna ambavyo ningeweza kuendelea. Lakini si hilo lililonisimamisha mkono. Nilijiuliza, mimi nina nini benchini ambacho sijakirudia? Na nikajua. Kilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, na kilikuwa pale mwaka wa tatu. Yule mama mwanawe hajui yuko wapi, na anamrudia kila siku. Baba yangu ninajua alipo. Yuko Muyama anapalilia migomba.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu. Nikashuka Kasulu na lori la mahindi, nikalala kwa ndugu, asubuhi nikatembea kwenda nyumbani. Nilimkuta mgombani, anakata majani makavu. Nikamsalimia kwa kupiga makofi kama tunavyosalimia wakubwa wetu, akapokea. Nikatoa barua, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka yamepinda. Nikasema, "Baba, ile barua ilikuja. Ilikuja Jumanne, kabla hujaanza kwenda. Nilikuwa nayo."

Akasema, "Najua."

"Ulijua ile Ijumaa ya mwisho?"

"Ya pili," akasema. "Ya kwanza sikumkuta karani, ya pili akaniambia umeichukua mwenyewe."

Ndugu zangu, nilihesabu kwa vidole pale pale mbele yake. Ya pili mpaka ya nane. Nikamuuliza, "Sasa baba, hizo nyingine ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

Akakata jani jingine kwanza. Kisha akasema, "Ningeacha kwenda ungejua nimejua. Nikaona nikuachie nafasi useme mwenyewe. Kule mjini nilikuwa nakaa kwa yule fundi wa matranka, tunaongea mpaka jua lipungue. Ningeendelea, mwanangu. Ni magoti yalikataa."

Sikulia. Nilikuwa bado ni ule mguu. Nilisema, "Pole, baba," na nikajisikia nikilisema. Lilikuwa na uzito mdomoni. Nikamnyooshea barua, akanirudishia. Akasema, "Kaa nayo kwanza. Utanipa siku utakapokuwa huionei aibu."

Chuo kilikuwa kinaruhusu kufanya mchujo mara tatu, basi. Nikarudi Kibondo nikajiandaa kwa ile ya mwisho. Safari hii sikuazima vitabu vingi. Mama mdogo alikuwa na saa ya mezani, ile ya kutia ufunguo. Naiweka mbele yangu, najiandikia maswali, na yanayonikataa nayachorea kabenchi napita. Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Kuacha swali wazi kuliniuma kama kuacha mtoto barabarani. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Nitakurudia," na mama mdogo akawa anawaambia majirani kuwa mtoto wa dada yake anaongea na karatasi.

Siku ya mtihani nilichora benchi nyingi, nafikiri zilifika thelathini. Nilifika swali la mia moja. Mtu ambaye hajawahi kuliona swali la mia moja hawezi kujua. Nililitazama tu kwanza, lilikuwa swali jepesi la asilimia, miaka yote lilikuwa limekaa pale linaningoja. Kisha nikarudi kwa waliokuwa benchini, nikawahudumia niliowaweza. Muda ulipoitwa walibaki kama sita. Nikawaacha, nikatoka.

Nikamtumia baba salamu kwamba barua ikija aifungue yeye, mimi nikiwa mbali. Kwa hiyo akarudia Ijumaa zake, magoti na yote. Ikaja Ijumaa ya tatu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, karani akamsomea. Nilipofika nyumbani baba akanipa habari kwa pumzi moja: "Wamekuchukua, wanasema mtihani umefanya vibaya."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alama zangu zilikuwa za kupitia mlangoni kwa ubavu. Waliandika kwamba kwa kutazama matokeo yangu ya shule watanipokea kwa majaribio, muhula mmoja, nikishindwa nirudi. Baba alikwenda akaligeuza tranka, akalipangusa kwa mkono wa shati. Mama akamimina mbegu zake kwenye chungu. Rangi ilikuwa imechunika kidogo, lakini jina la chuo lilisomeka.

Nilipanda treni, ilichelewa. Nikafika bwenini, nikafungua tranka kupanga nguo, na kwenye pembe chini, pale bati linapokunjwa, kulikuwa na maharage manne. Yamenasa. Nikayatoa kwa ukucha nikayashika. Hapo ndipo nililia. Nililia tangu saa za chai mpaka wenzangu wakaniletea chakula cha jioni, wakidhani nimeibiwa njiani. Sikuweza kuwaeleza. Nilikuwa namwona mtu anaendesha baiskeli kilima chote kile, akijua kwamba hakuna barua.

Nilimaliza muhula, wakaniacha nibaki. Sikuwa wa kwanza tena, nilikuwa wa katikati, na katikati kuna watu wazuri. Nimehitimu. Kahawa sasa naijua, na yule mtu wa kalamu tunakaa meza moja.

Nawashukuru. Mzee wa sukari. Mama mdogo na saa yake. Kina mama wa Muyama, mkeka wenu nimeulalia miaka yote ya chuo, mliniaga mapema lakini maombi hayakuoza. Maman wa Kikongo, nilipopita kambini kumtafuta nikaambiwa amehamishwa, sijui kama mwanawe alipatikana. Huyo nimemchorea alama, namuulizia kila mahali. Mama yangu bado anasema usiruke punje, na kwa kahawa yuko sahihi kabisa, sibishani naye.

Wazazi, tranka lipakeni jina la mtoto tu. La chuo lina siku yake. Na vijana mnaongoja matokeo, mkijaliwa, vizuri. Msipojaliwa, semeni siku ileile, kabla chumvi haijanunuliwa. Jambo likikushinda liweke kando uendelee kuishi, hakuna dhambi. Ila lichoree alama, na ulirudie. Mimi nililiweka langu nikakaa mbali nalo mpaka nikawa sijisikii mwili, na bado lilikuwa limekaa palepale.

Mchungaji ananionyesha saa. Namaliza, mchungaji, leo nitamaliza kwa wakati. Kuna moja tu limebaki benchini.

Kitabu hiki cha nyimbo ndicho kilekile. Na hii hapa ni ile ya kwanza, ya Jumanne. Nimeisoma jana mbele ya kioo, siionei aibu tena.

Baba, usisimame, magoti. Nakuja mimi. Uliniuliza kuna nini mjini. Kulikuwa na barua yako. Hii hapa.